Redio VEF 202 ya mzee wa Bombo: usiku nyota nne, mchana nyota moja

Nianze na bei maana najua ndiyo mnatafuta. Shilingi za Uganda laki moja na thelathini kwa mzee mwenye redio, elfu thelathini nikazitupa kwa fundi wa kwanza, elfu arobaini na tano kwa fundi wa pili ambaye ndiye aliitengeneza kweli. Hapo bado mawe (betri), na inakula mawe makubwa sita, yale manene ya tochi za zamani. Mke wangu alipopiga hesabu akaniuliza kama nimenunua redio au nimelipa mahari.

Kwa wasioijua, VEF 202 ni redio ya transista ya Sovieti ya miaka ya 1970, uzito kama kilo tatu, ina mkono wa kubebea na erio ndefu ya kuvuta. Haina FM. Narudia, HAINA FM, kwa hiyo kama unataka mechi na matangazo ya asubuhi ya Kampala usinisumbue, nenda pale stendi ukanunue kile kiredio cha Kichina chenye flashi na taa. Hii ina mawimbi marefu (hapa kwetu kimya kabisa, hakuna kitu), mediamu wevu, na masafa mafupi, basi. Kinachofurahisha ni kile kitasa cha kubadilisha bendi. Ndani yake kuna dramu inayozunguka mzima mzima, ukigeuza inalia krak, krak, krak kama mtu anakoki bunduki, na unasikia mkononi kabisa chuma kinakaa mahali pake. Mtoto wangu wa miaka sita anaizungusha tu kwa raha hata ikiwa imezimwa.

Mwenye redio ni mwanajeshi mstaafu, mimi namwita afande kwa sababu nimezaliwa kambini Jinja na huo mdomo hautoki. Alipelekwa Odessa mwaka 1974 kusomea vifaru, wakati huo Amin alikuwa ameshagombana na Waisraeli, na Wamarekani walikuwa wamefunga ubalozi wao Kampala mwaka uliotangulia, kwa hiyo vifaru na ndege za MiG zote zinatoka kwa Warusi na vijana wanaenda kusoma huko huko. Pesa yake ya matumizi akaiweka kidogo kidogo akanunua redio. Wenzake walinunua makoti. Na tuelewane, tunasema redio ya Warusi lakini kiwanda cha VEF kilikuwa Riga, na Riga leo ni Latvia, na Latvia imeingia NATO, jeshi la pamoja la Wamarekani na wenzao, tangu 2004, halafu Odessa yenyewe ni Ukraine. Nilipomwambia afande hivyo alicheka mpaka akakohoa, akasema basi mwanangu umenunua redio ya adui.

Sasa mafundi. Wa kwanza simtaji, ni wa Katwe, alikaa nayo wiki tatu, kila nikipiga simu ati "kesho boss", akairudisha ikiwa inatoa tu-tu-tu-tu-tu kama boti la injini na kitasa kimoja hakipo. Nilipouliza kitasa akaniambia redio ilikuja hivyo. Wa pili ni mzee mmoja mpole, akafungua mgongo, akanusa (kweli, alinusa) akasema kapasita (vile vikopo vya kutunza umeme) zimekauka, hiyo ndiyo inaleta boti. Akabadilisha zile kapasita kubwa, akasafisha miguu ya dramu kwa spiriti na mswaki, transista hakugusa hata moja, akanionya nisimruhusu mtu yeyote azing'oe maana ni za germanium, zile za kizamani, ukiichoma na moto wa solda imeenda na nyingine utaitafuta mpaka uzeeke. Akasema pia kazi ingekuwa ya siku moja kama angekuwa na mchoro wa saketi. Huo mchoro nitaurudia.

Kuna kitu nilidhani ni ubovu kumbe ni siasa. Masafa mafupi ya hii redio yanaanzia mita 25 (mita ni urefu wa wimbi, kila bendi inaitwa kwa huo), halafu 31, 41, 49, na kipande cha mita 52 mpaka 75. Mita 13, 16 na 19 hazipo. Nikafikiri labda kuna kipande cha dramu kimeanguka. Hapana bana, redio nyingi zilizouzwa ndani ya Sovieti zilitengenezwa bila hizo bendi, zile za kuuza nje ndizo zilipewa, maana hizo bendi ndizo zinazoleta stesheni za mbali mchana kweupe, na serikali haikutaka raia wake wakae na VOA (Sauti ya Amerika) na BBC saa nane mchana. Na zile bendi zilizobaki wakazipiga kelele: mitambo kazi yake kunguruma tu juu ya masafa ya adui ili mtu asielewe neno. Waliendelea hivyo mpaka karibu na mwisho, VOA wakaiachia mwaka 1987 na Radio Liberty, redio ya Wamarekani kwa watu wa Sovieti, mwishoni mwa 1988, wakati wa kiongozi wao Gorbachev. Na usidhani upande wa pili walikuwa malaika, hiyo Radio Liberty na ndugu yake Radio Free Europe zilikaa Munich zikilipwa na CIA kwa siri mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Raia wa Sovieti naye kwa sababu ni binadamu alikuwa anabeba redio kama hii mpaka kijijini, mbali na mji ambako kelele zinapungua, ananasa anachonasa. Kwa hiyo nimenunua redio iliyokatwa masikio kiwandani na bado watu wake walisikia.

Kwenye kioo cha namba kuna vidoti vitatu vya rangi ya kucha, marehemu mke wa afande ndiye aliviweka: chekundu Moscow, cha waridi Washington, cheupe Peking (Beijing ya leo). Alikuwa hasomi, alikuwa anapeleka mshale kwenye rangi. Na wote watatu walikuwa wanamwongelesha KISWAHILI! Hili ndilo lilinifanya nitoe pesa. Hebu fikiria mataifa makubwa yenye mabomu ya kuimaliza dunia yanaajiri watu wakae studio kumbembeleza mama wa kambini Uganda kwa lugha yake. BBC ilianza Kiswahili mwaka 1957, Peking 1961, VOA 1962, Moscow nao wakaingia miaka hiyo hiyo, na Wajerumani walikuja wawili wawili, Deutsche Welle ya magharibi kuanzia 1963 na Radio Berlin International ya mashariki, ndugu wa damu wanasutana kwa Kiswahili sanifu mpaka Oktoba 1990 nchi yao ilipoungana na ile ya mashariki ikazimwa. Afande anasema wakali zaidi hata hawakuwa Washington na Moscow, walikuwa Moscow na Peking, wakomunisti kwa wakomunisti, wanaitana wasaliti jioni nzima. Mke wake alikuwa anawasikiliza kama sisi tunavyosikiliza majirani wakigombana, redio chini, masikio juu.

Nilimtupia ule msemo wa tembo wakipigana nyasi ndizo zinaumia. Alinikata hapo hapo. "Nyasi gani kijana? Sisi tulikuwa tunakula huku na huku." Na ukiangalia ana hoja, maana hiyo hiyo serikali ya Amin ilichukua silaha Moscow huku kahawa yetu mnunuzi mkubwa ni Mmarekani, biashara ikaendelea hivyo miaka mitano baada ya ubalozi kufungwa, mpaka Congress, bunge lao, ilipopiga marufuku mwaka 1978. Na Moscow nako tuligombana nao: Novemba 1975 walitaka Amin, ambaye mwaka huo ndiye mwenyekiti wa OAU (umoja wa nchi za Afrika), aunge mkono MPLA, chama kilichobebwa na Moscow kule Angola, yeye akakataa, uhusiano ukakatwa. Afande alikuwa Odessa siku hizo. Anasema walifungasha mabegi, hakuna mtu anawaambia kitu, wakakaa chumbani na hii redio wakisubiri kusikia kama bado wana mwenyeji. Siku chache mambo yakatengenezwa wakarudi darasani. Lakini wale waliobaki chini ya Amin bila redio wala koti, hao sijui kama wangekubali kwamba tulikuwa tunakula. Hapo mimi na afande hatujaafikiana.

Na msidharau haya mambo ya redio, mwaka 1962 makombora ya Sovieti kule Cuba yalipokaribia kulipua dunia, Khrushchev, mkubwa wa Sovieti, alipokubali kuyaondoa barua yake ilisomwa Radio Moscow tarehe 28 Oktoba, kwa sababu njia za kawaida za kibalozi zilikuwa zinachukua saa nyingi. Mwaka uliofuata ndiyo wakawekeana laini ya moja kwa moja. Wakubwa wawili wa dunia walikuwa wanategemea mtu mwingine asikilize redio, sawa na mke wa afande.

Sasa inashika nini leo? Mchana karibu hakuna, nyota moja na hiyo ni ya sura. Kuanzia saa moja jioni mediamu inaamka, unapata stesheni za nchi jirani, nyingine kama ziko chumbani. Masafa mafupi ndiyo utamu na ndiyo huzuni. Kidoti chekundu ni mvumo mtupu, Warusi waliacha masafa mafupi mwaka 2014. Kidoti cha waridi kimya, VOA ilinyamazishwa Machi 2025 na serikali yao wenyewe, miaka yote ile Moscow ilishindwa kuizima na Washington ikaizima kwa karatasi moja. Wachina unawapata mpaka unachoka, Kiingereza, Kifaransa, na Kiswahili pia, na hawako kwenye kidoti cheupe, wamesambaa kioo kizima.

Adui mkubwa siku hizi ni nyumba yako. Balbu za LED, chaja za simu, na ule mtambo wa sola wa jirani yangu hapa Bweyogerere unapiga kelele mita 31 yote utadhani analipwa na Kremlin. Dawa ni kutoka nje na redio, au kuombea umeme ukatike. Umeme ukikatika mtaa mzima hii kitu inapumua, sauti nzito, tamu, spika yake hakuna cha plastiki cha leo kinachoifikia. Nimejikuta nashangilia giza peke yangu kwenye baraza.

Ukitaka yako: jaribu kabla hujalipa, zungusha dramu bendi zote usikie kama kuna mahali inakatika, fungua sehemu ya mawe uangalie kutu, na usikubali ya adapta ya bei rahisi, inaleta mvumo, mawe ni bora ingawa yanauma mfukoni.

Kuhusu ule mchoro wa saketi: redio za Sovieti zilikuwa zinauzwa na mchoro wake ndani ya boksi, na afande anao, nimeuona kwa macho yangu, umekunjwa mara nne ndani ya Kurani yake. Anataka elfu ishirini zaidi. Mimi nimefika kumi na mbili. Anasema hiyo ni bei ya kibepari.