Kitasa cha dirisha kimekufa: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kitasa cha dirisha hakifi ghafla. Kwanza mkono unalegea, unaanza kuning'inia wenyewe. Halafu unakuja msimu wa kusi, dirisha linagonga usiku kucha, na asubuhi mtu anafunga kamba kwenye nondo. Kamba hiyo hukaa miezi. Mwongozo huu ni wa aliyefika hapo kwenye kamba, maana dirisha lisilofunga sawasawa linaingiza mbu, vumbi na mkono wa kibaka, ilhali kitasa ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa katika nyumba.

Wengi hununua kitasa kwa macho, wakachukua kinachong'aa au kinachofanana rangi na fremu. Mimi namsihi kila anayekwenda dukani aulize mambo mawili tu: vipimo vyake, na kimetengenezwa kwa metali gani. Kwa sisi wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar, Mtwara au Mombasa, hilo la pili ndilo linaloamua kama utarudi dukani mwakani au baada ya miaka kumi.

Hakikisha kwanza kwamba kilichokufa ni kitasa

Fungua dirisha, na likiwa wazi hivyohivyo zungusha kitasa. Kikizunguka laini dirisha likiwa wazi, lakini kikagoma likifungwa, kitasa chako ni kizima. Kilichotokea ni kwamba bawa la dirisha limeshuka: bawaba zimechoka, au kwa dirisha la kuteleza magurudumu ya chini yameliwa, kwa hiyo ulimi haukutani tena na tundu lake. Ukifunga kitasa kipya hapo, kitavunjika vilevile, kwa sababu mtu atakuwa anakilazimisha kila jioni. Badilisha magurudumu kwanza, au mwite fundi anyanyue bawa.

Kama kinachezacheza hata dirisha likiwa wazi, kaza skrubu uone. Mara nyingine kazi inaishia hapo. Lakini mkono ukizunguka bila ulimi kusogea, au ukiona ufa pale mkono unapoingia kwenye kitako chake, basi kitasa kimekwisha. Nenda dukani.

Vipimo vya kubeba

Kanuni ya kwanza ni kung'oa kitasa cha zamani na kwenda nacho mkononi. Picha ya simu haitoshi, kwa sababu tofauti ya milimita mbili haionekani kwenye picha, na milimita mbili zinatosha kufanya dirisha lisifunge.

Kwenye aluminiamu ya kuteleza, ambayo ndiyo iliyojaa katika nyumba nyingi mpya, utakuta loki yenye umbo la mwezi mchanga pale mabawa mawili yanapokutana, au ile iliyozamishwa ubavuni mwa bawa. Ya mwezi mchanga pima kutoka katikati ya tundu moja la skrubu hadi katikati ya jingine, kisha pima kimo cha ndoano yake. Iliyozamishwa pima urefu na upana wa shimo lililokatwa kwenye aluminiamu. Shimo likiwa kubwa kuliko loki mpya, hakuna fundi atakayelirudisha dogo. Chukua na kipokeo chake upande wa pili. Loki mpya kwenye kipokeo kilicholiwa ni nusu ya kazi.

Dirisha la kufunguka kama mlango, liwe la aluminiamu au la plastiki, mara nyingi lina kitasa chenye pini ya pembe nne nyuma yake. Kwenye mifumo ya Ulaya pini hiyo huwa na upana wa milimita 7, na skrubu mbili huwa umbali wa milimita 43. Kinachokosewa ni urefu wa pini. Ikiwa fupi haifiki kwenye mtambo wa ndani. Ikiwa ndefu, kitako hakilali juu ya fremu. Iliyo ndefu unaweza kuikata kwa msumeno wa chuma, iliyo fupi huna la kuifanya, kwa hiyo ukiwa na shaka nunua ndefu. Vitasa vingine havina pini bali vina uma wa meno mawili, na hivi viwili havibadilishani kabisa hata kama kwa mbele vinafanana.

Madirisha ya chuma ya zamani, yale yanayofunguka nje huku nondo zikiwa ndani, yana kitasa chenye pua inayokalia fremu. Kipimo chake kikubwa ni kimo kutoka kitako hadi chini ya pua. Pua ikiwa juu mno, dirisha linafunga lakini halikazi. Ikiwa chini mno, haipandi juu ya fremu. Angalia pia kama ni cha mkono wa kulia au wa kushoto. Kisha fanya kitu ambacho wauzaji hawakukumbushi: pitisha mkono wako kati ya nondo na uzungushe kana kwamba unafunga. Kitasa kirefu chenye mkono mpana kitakuchubua vidole kila siku, na kwenye madirisha ya kuteleza kitagonga fremu ya wavu wa mbu. Pima nafasi hiyo kwa rula kabla hujaondoka nyumbani.

Nafasi ya kwanza: aluminiamu ya kumimina yenye ulimi wa stenlesi

Kwa dirisha la aluminiamu sioni cha kushindana nacho. Mwili ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya unga iliyochomwa kwenye tanuri, pini na ulimi ni stenlesi. Ubora wake mkubwa ni kwamba ni metali ileile ya fremu. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi, moja humla mwenzake, na aluminiamu ndiyo huliwa mara nyingi. Ndiyo maana utaona unga mweupe ukizunguka skrubu kwenye madirisha ya nyumba za pwani.

Hapa kuna mtego. Muuzaji atakupa vitasa viwili na kukwambia, "Bosi, shika mwenyewe usikie uzito. Hiki ndicho kigumu." Usimfuate. Aluminiamu ina uzito wa gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, na zinki ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Kile kizito anachokusifia aghalabu ni zinki iliyopakwa kromu. Kwa kitasa cha dirisha, wepesi si kasoro. Angalia unene wa shingo, pale mkono unapokutana na kitako, kwa kuwa hapo ndipo nguvu yote ya kiganja inapokwenda.

Nafasi ya pili: stenlesi

Kwa madirisha ya chuma, na kwa nyumba inayotazama bahari moja kwa moja, stenlesi inapanda ya kwanza. Uliza daraja lake. 304 inatosha nyumba nyingi. 316 imeongezewa molibdeni, nayo inastahimili chumvi vizuri zaidi. Kama upepo wa bahari unafika dirishani kwako bila kuzuiwa, lipa hiyo tofauti ya bei.

Watu hupima stenlesi kwa sumaku. Kipimo hicho kinasaidia upande mmoja tu. Sumaku ikinasa kwa nguvu, hiyo si 304 wala 316, na aghalabu ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha, kiache. Isiponasa, bado hujathibitisha lolote, kwa kuwa hata zinki, shaba na aluminiamu hazinasi sumaku, wala zile stenlesi za bei rahisi zenye nikeli kidogo. Nunua duka litakalokuandikia daraja kwenye risiti. Na hata 304 halisi ikipata madoa ya kahawia karibu na bahari usishtuke. Ifute kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kitambaa, mara kwa mara. Usiisugue kwa steeli wuli, maana chembe za chuma zinabaki juu yake na kuanza kutu zao wenyewe.

Nafasi ya tatu: shaba ya njano

Kwa dirisha la mbao naipenda shaba kuliko kitu chochote. Haiozi, inazunguka laini, na ikichakaa inang'arishwa ikarudi. Madirisha mengi ya mbao na ya chuma ya nyumba za zamani yalifungwa vitasa vya shaba, na vingi bado vinafanya kazi. Ukipata kwa wanaouza vifaa vya nyumba zilizobomolewa, vikague kwa makini: mkono usiwe na mchezo mkubwa, matundu ya skrubu yasiwe yamepanuka. Kikwaruze kidogo nyuma kwa ncha ya msumari. Ukiona njano hadi ndani, ni shaba. Ukiona kijivu, ni zinki iliyovikwa rangi ya shaba.

Ila usiiweke kwenye dirisha la aluminiamu. Shaba na aluminiamu penye chumvi ni ndoa mbaya, na fremu yako ndiyo itakayoumia.

Nafasi ya nne: komeo

Najua wengine watashangaa kuliona komeo la kusukuma juu ya zinki. Kwa dirisha la chuma la stoo, la jikoni la nje, la choo, komeo nene lililochomelewa na fundi mzuri litaishi kuliko kitasa chochote cha kung'aa cha bei chee. Fundi yeyote wa mtaani analimudu. Kasoro yake ni moja na ni kubwa: halivuti. Pua ya kitasa imechongwa mteremko ili inapozunguka ilivute bawa likaze kwenye fremu. Komeo linazuia tu. Kwa hiyo dirisha litatikisika upepo ukija, na mvua ya upande itapenyeza. Chumba cha kulala kinastahili zaidi ya hapo. Pakeni rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kabla unyevu wa usiku haujaanza kazi kwenye sehemu iliyochomelewa.

Nafasi ya tano: zinki yenye kromu

Hivi ndivyo vimejaa kwenye vibao vya maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo na kwingineko, kwa kuwa vinatoka kiwandani kwa urahisi na vinapendeza. Zinki yenyewe huchanganywa na aluminiamu kiasi cha asilimia 4 hivi na kumiminwa kwenye kalibu kwa shinikizo. Dodoma, Arusha, Mbeya, mahali pasipo chumvi hewani, kitasa cha zinki chenye shingo nene kinaweza kukutumikia vizuri, nami sina ugomvi nacho huko.

Pwani ni habari nyingine. Kromu huanza kutoa malengelenge madogo kama ya ngozi iliyoungua, kwanza pembeni ya kitako. Chini ya malengelenge hayo zinki inageuka unga. Siku moja mkono unabaki kiganjani mwako, na ukitazama palipovunjika utaona punje za kijivu hafifu, bila alama yoyote ya kupinda kwanza. Hakiungiki: zinki inayeyuka chini ya nyuzi 420, kwa hiyo moto wa fundi wa kuchomelea unaidondosha kama mshumaa. Ukiona malengelenge ya kwanza, anza kutafuta mbadala.

Mwisho kabisa: plastiki

Jua la dirishani linaikausha plastiki ya kawaida ikawa kama ganda la yai. Nunua tu kwa dharura, kama ukuta wa duka umebaki na hicho na usiku unaingia.

Skrubu

Nimeona vitasa vizuri sana vikifungwa kwa skrubu zilizokuja ndani ya pakiti, ambazo ni chuma kilichopakwa zinki nyembamba. Miezi michache, skrubu zimeota kutu, michirizi ya kahawia imeshuka kwenye fremu nyeupe. Nunua skrubu za stenlesi pembeni, urefu uleule, na kabla ya kufunga kwenye aluminiamu paka grisi kidogo kwenye nyuzi zake ili maji ya chumvi yasikae katikati ya metali mbili. Kaza kwa bisibisi ya mkono. Drili inakula nyuzi za aluminiamu kwa sekunde moja, na tundu likishaliwa utahitaji riveti au skrubu nene zaidi.

Vitasa vya ufunguo

Kwa ghorofa ya chini vinasaidia, hasa kama dirisha halina nondo. Kwa ghorofa za juu penye watoto, vinasaidia zaidi, ingawa bora ni kufunga pia kizuizi kinacholiacha dirisha lifunguke sentimita 10 tu. Ila kama dirisha hilo ndilo njia pekee ya kutokea moto ukizuka, ufunguo utundikwe ukutani karibu nalo, juu ya kimo cha mtoto, na kila mtu mzima wa nyumba aujue ulipo. Hakikisha unapewa funguo mbili, na uzijaribu zote palepale kaunta.

Kitu kimoja kwa wenye ndugu Uingereza au Oman wanaojitolea kuleta vitasa kwenye sanduku. Wapokee kwa shukrani, lakini wewe uwatumie vipimo kwanza: umbali wa skrubu, upana wa pini, urefu wa pini, upande wa mkono. Kitasa cha Uingereza kimetengenezwa kwa dirisha la plastiki la huko, na fremu yako ya aluminiamu ya kuteleza haitakipokea hata kidogo.

Na ukishapata kinachokaa vizuri, nunua cha ziada kimoja cha aina ileile. Wafanyabiashara hubadilisha mzigo kila kontena, na mwaka ujao muuzaji yuleyule atakwambia hicho hakiji tena.