Seti ya sleji ya kifalme ya kuunga mwenyewe: mwili safi, dhahabu majanga

Najua mtaniuliza sleji ndo nini, kwa hiyo nimalizane nayo kwanza. Ni gari la farasi lisilo na magurudumu, chini lina miguu miwili mirefu ya kutelezea kwenye theluji na mbele imejikunja kama mkonga wa tembo. Wafalme wa Ulaya walikuwa nazo kwa ajili ya kujionyesha tu, zimechongwa kila mahali, zimepakwa dhahabu mpaka unajiuliza mwenyewe anakaa wapi. Na mimi ndo nimenunua seti ya kuunga moja ndogo, skeli ya 1 kwa 12, yaani ndogo mara kumi na mbili kuliko yenyewe, na nimeshaimaliza baada ya miezi minne na lawama nyingi sana.

Mi ni mtu wa Tanga, nipo Munich, Ujerumani, mwaka wa sita huu, usiku napanga mizigo ghalani na siku za ofu naunga modeli. Nyumbani nilianza na vijahazi vya kuchonga kwa kisu, tanga mfuko wa rambo, tunashindanisha pwani maji yakijaa. Kwa hiyo mti na msasa havinitishi. Nilichokuwa sijawahi kugusa ni mapambo ya aina hii, na hapo ndo nilipopigwa.

Seti niliinunua kwenye duka la mtandaoni, jina naliacha maana sitaki kesi na mtu, euro 64 na usafiri juu. Picha ya kwenye tangazo ilikuwa inawaka dhahabu tupu, na maelezo yanasema imetokana na sleji za Mfalme Ludwig II wa Bavaria, eneo la kusini mwa Ujerumani ambalo Munich ndo mji wake mkuu. Huyu ndo yule aliyejenga Neuschwanstein, kasri lile lipo kwenye kila kalenda ya Ujerumani. Alipewa ufalme mwaka 1864 akiwa na miaka 18, alikuwa analala mchana na kutembea usiku, na wakati wa baridi alikuwa anakatiza milima na sleji yake kwenda kasri lake dogo la Linderhof na watumishi wamevalishwa nguo za kizamani. Nikasema hii ndo yenyewe.

Mzigo ulifika ndani ya siku nane, boksi zuri, halijabondeka. Ndani kuna mbao sita za plaiwudi zilizokatwa kwa leza, kifuko cha vinakshi vya resini, ile plastiki ngumu ya kumimina, kichupa cha rangi ya dhahabu, kitambaa chekundu na karatasi ya maelekezo ambayo ukiisoma kwa lugha yoyote kati ya tatu zilizopo huelewi.

Nitende haki, mwili wa sleji umekatwa vizuri sana. Vipande vinaingiliana barabara, bila kupiga msasa mwingi, sakafu, mbavu, mgongo wa kiti, ile mikunjo ya pembeni kama kombe la baharini, jioni mbili tu nikawa na kitu kimesimama mezani na mke wangu akasema hee kumbe hiki kitu ni kizuri. Gundi nyeupe ya mbao na vibanio vya nguo vinatosha kabisa. Kama ningeishia hapo ningewapa nyota tano na kuwaombea dua.

Shida ikaanza kwenye miguu. Wewe fikiria, sehemu inayobeba sleji nzima, halafu ile sehemu nyembamba kabisa ya mkunjo wa mbele, wao wameikata nyuzi za mti zikiwa zimelala kukatisha badala ya kufuata urefu. Mtu yeyote aliyewahi kushika kisu anajua mti unavunjikia wapi. Nimeushika mguu wa kushoto nipunguze ule weusi wa leza pembeni, mara moja tu nikasikia ka! umebaki mkononi nusu. Nikawaandikia wenye duka na picha juu, wakanijibu kwamba mbao ni kitu cha asili na hutofautiana. Sawa bosi. Nikatengeneza mwenyewe, nikachukua vipande vya mti mwembamba vitatu vya nusu milimita, nikaviloweka kwenye maji ya moto, nikavizungushia kopo la nyanya nikafunga na uzi mpaka asubuhi, halafu nikavigundisha kimoja juu ya kingine. Huo mguu sasa hata uuangushe haukatiki. Ukinunua seti ya hivi, miguu yao usiihangaikie, fanya hivi tangu siku ya kwanza.

Halafu vinakshi. Kwenye tangazo kulikuwa na vitoto vya malaika vinene vimebeba taji, mezani kwangu vikaja viazi vya kuchemsha. Nimeweka lenzi kabisa natafuta pua. Na ile rangi ya dhahabu ndo usiseme, nimepaka mkono wa kwanza ikawa njano ya haradali, wa pili ikafukia hata ile michoro kidogo iliyokuwepo. Nikaifunika na gazeti nikaiweka juu ya kabati wiki tatu sijaigusa.

Kilichoirudisha chini ni Marstallmuseum, makumbusho ya magari ya farasi ya wafalme. Hii ipo kwenye kasri la Nymphenburg hapahapa Munich, unapanda tramu namba 17 inakushusha mbele yake, na makumbusho yenyewe yapo kwenye mabanda ya zamani ya farasi wa kifalme. Nimekaa mji huu miaka yote hiyo, nimepita pale mara ngapi sijui kupunga upepo, sijawahi kuingia! Ludwig mwenyewe alizaliwa kwenye kasri hilo hilo mwaka 1845. Unaingia unakuta magari ya farasi yamepangwa kwenye ukumbi mrefu, kuna lile la Kaizari Karl VII la kutawazwa, dude kubwa kama nyumba ya chumba na sebule, lakini mi nilinyooka kwenye sleji.

Jamani. Ile niliyoifuata ni sleji ya vile vitoto vya malaika, ya mwanzoni mwa miaka ya 1870. Kwanza niligundua dhahabu yake siyo rangi moja. Sehemu zilizoinuka, goti la mtoto, shavu, ncha ya jani, zinang'aa kama kioo, ukiingia kwenye mabonde ya nakshi dhahabu imefifia, inaelekea kahawia kabisa, na hapa na pale unaona wekundu unachungulia kwa chini. Nilisimama pale labda dakika arobaini, mlinzi akaanza kunizunguka. Mi nilikua naangalia mjomba wangu akichonga milango, na alikuwa anasema nakshi ni kivuli, mti unautoa ili kivuli kipate pa kukaa. Ndo hicho hicho. Wale wenye seti wamenipa dhahabu bila kivuli.

Ule wekundu una sababu yake. Mafundi wa zamani hawakupaka dhahabu, waliibandika. Mti unapakwa chaki iliyochanganywa na gundi ya ngozi, tabaka juu ya tabaka, unasuguliwa mpaka unateleza, halafu linafuata tabaka la udongo laini mwekundu, halafu ndo karatasi ya dhahabu yenyewe ambayo unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, ukipumua vibaya imeondoka. Mwisho wanaisugua kwa jiwe la akiki inang'aa. Kwa hiyo dhahabu ikilika kwenye kona, udongo unaonekana, na huo wekundu ndo unaifanya dhahabu ionekane ya moto badala ya kuwa baridi kama bati.

Na kuna mchoro uliochorwa na Richard Wenig, unaonyesha mfalme yupo safarini usiku kwenye theluji na farasi weupe, na taji la mbele linawaka. Nimeuangalia vizuri nikacheka peke yangu, maana wanaoongoza ni watu waliopanda farasi wenyewe, hakuna dereva aliyekaa kwenye sleji. Seti yangu ina kiti cha dereva mbele! Tena nilikuwa nimeshakigundisha. Nikarudi nyumbani nikakitoa kwa wembe na maji ya moto na sleji ikapumua, ikawa na ule mwinuko wa mbele inavyotakiwa.

Sasa kwa wanaotaka kujua nilivyofanya, rangi yao niliikwangua yote. Vitoto vya malaika nikavitupa, nikachonga vingine vinne kwa puti ile ya kuchanganya aina mbili, unaukanda kama unga wa chapati, una saa moja na nusu hivi kabla haujawa mgumu, vidole vyao nimevikata kwa sindano ya cherehani iliyoshikizwa kwenye kalamu. Kitoto cha tatu kina sura ya mzee mmoja wa kwetu aliyekuwa anauza kahawa, haikuwa makusudi. Baada ya hapo praima, yaani rangi ya msingi, ya rangi ya tofali nzima nzima, badala ya ule udongo mwekundu. Kwenye maeneo makubwa, ubavuni na miguuni, nikatumia karatasi ya dhahabu bandia ile ya shaba na zinki, unapaka gundi yake, unangoja kama robo saa mpaka ukigusa kidole kinanata lakini hakiloi, unalaza karatasi na brashi kavu. Kwenye malaika usijaribu, ile bandia ni nene kuliko dhahabu halisi, inakunjamana inafunika sura zote, hapo nimepaka unga wa dhahabu na vanishi juu ya sehemu zilizoinuka tu. Halafu ukishamaliza pitisha rangi ya mafuta ya kahawia nyepesi kabisa, futa na kitambaa, inabaki mabondeni. Hapo ndo kitu kikafufuka. Na usisahau vanishi juu ya hiyo bandia, ina shaba, ukiiacha wazi inaanza kuwa nyeusi.

Kile kitambaa chao chekundu pia nilikiweka pembeni, nikaweka mahameli ya buluu kwa kuwa bendera ya Bavaria ni buluu na nyeupe. Mahameli ya dukani nywele zake ni ndefu mno kwa skeli hii, mfalme angezama, nikatafuta utepe wa mahameli wa kufungia nywele za watoto wa kike, huo ni mfupi, unalala vizuri.

Ila nilichokipenda kuliko vyote ni taa. Ile sleji ya Nymphenburg taji lake lilifungwa taa ya umeme na betri ikafichwa chini ya kiti, enzi hizo watu wengi taa ya umeme walikuwa hawajawahi kuiona. Hebu fikiria mkulima wa milimani, usiku wa manane, theluji, anasikia kengele, anachungulia dirishani anaona taji linawaka lenyewe linapita na mtu mnene amejifunika manyoya. Mi ningehama kijiji. Basi na mi nikafanya vilevile, taa ya LED moja ndogo kama punje ya ufuta ndani ya taji, nyaya mbili nyembamba zinapita nyuma ya mgongo wa mtoto wa malaika, rezista ndogo ya kupunguza umeme, na betri ya mviringo ya 2032 chini ya kiti ilipokuwa ya mfalme. Kulehemu nyaya hizo kumenichukua jumamosi nzima na LED tatu zimeungua. Nunua zilizokwisha unganishwa nyaya, senti chache zaidi, usiwe mbishi kama mimi.

Kwa hiyo je, ununue? Kama unataka mwili tu uliokatwa sawa na uko tayari kufanya mengine yote mwenyewe, euro 64 siyo mbaya, kuchora na kukata zile mbavu kwa mkono ningemaliza mwaka. Kama ni mara yako ya kwanza na unategemea ifanane na ile picha ya tangazo, aisee usithubutu, utaishia kuitupa. Nawapa nyota mbili na nusu, ile nusu ni ya boksi. Makumbusho nayapa tano, nenda siku ya wiki asubuhi, kimya, kamera bila flashi, piga picha za chini ya miguu na za nyuma kwa kuwa kwenye mtandao watu wanapiga mbele tu. Chukua na rula ndogo, ukiona fundo la nakshi linganisha kwa jicho na upana wa mguu, vipimo vyangu vyote nimepata hivyo.

Kuna jamaa ananiambia kule Versailles, kasri la wafalme wa Ufaransa, kwenye mabanda ya farasi kuna sleji za Mfalme Louis XV, moja ina umbo la chui na nyingine kobe. Nimeshaanza kuchora kobe. Hiyo sinunui seti.

Kwa sasa sleji ipo juu ya friji, sehemu pekee ambayo mtoto haifikii. Jana usiku narudi kazini saa kumi alfajiri, jikoni giza, nakuta taji linawaka na chini yake mke wangu amekaa anakunywa chai, anasema amekosa usingizi akaona aiwashe tu.