WarioWare: Move It! ukumbini: sekunde tano za kuchekwa

Mpe bibi rimoti ya gemu ya mpira, atakuuliza kitufe cha kupiga kiko wapi, na ukishamjibu atakuuliza tena. Mpe Joy-Con mbili (rimoti ndogo za mashine ya Switch) za WarioWare: Move It!, mwambie aweke mikono kiunoni na atikise nyonga kitu kikija, basi, yumo ndani. Ujanja wote wa gemu hii umekaa hapo.

Ilitoka tarehe 3 Novemba 2023 kwa Nintendo Switch, na ndani yake mna vijigemu zaidi ya 200. Kimoja huchukua kama sekunde tano tu. Kwanza unatajiwa mkao: mikono kiunoni, mikono juu ya kichwa, kuchutama, mkono kuwa mdomo wa kuku. Kisha linaruka neno moja la amri, kitu kinatokea kwenye skrini, na ama utakiwahi ama kitakupita. Una roho nne. Ukikosa, moja inakwenda, na kadiri unavyoendelea mwendo unazidi kasi. Hadithi yake ni ya Wario na wenzake kwenda likizo katika kisiwa cha Caresaway, mambo ambayo mtu wa Nungwi, kwenye fukwe za watalii za Unguja, hahitaji kuelezwa. Hadithi yenyewe ni fupi, inaisha jioni moja, na mara ya kwanza kila mkao unaelezwa polepole mpaka unachosha. Anayetaka kucheza peke yake abaki na pesa zake.

Utamu uko kwa waliokaa. Kwenye keram au dhumna mtazamaji huangalia ubao. Hapa macho ya mchezaji yako kwenye televisheni, hajioni, na walio juu ya mkeka wanamwona yeye: mtu mzima kachutama, kofia imemwendea upande, anahangaika na kitu ambacho hata hajakijua ni nini. Na kabla aibu haijamfika, kijigemu kimeshakwisha, kimekuja chengine. Ndiyo maana hata wale wanaokataa kusimama mbele za watu husimama. Halafu mtoto wa darasa la tatu anaweza kumtoa kaka yake anayejisifu kwa gemu za mpira, kwa sababu huko kuzoea vidole kwenye vitufe hakumsaidii kitu.

Katika michezo ya watu wengi, ule unaostahili kupewa muda ni wa kumtafuta mchezaji wa kweli. Watu hugawika makundi mawili. Kundi moja linasimama mbele ya skrini, wote wakifanya mikao, lakini mmoja tu ndiye anayeendesha gemu. Wengine wanaigiza. Kundi la pili lililokaa linabahatisha ni nani. Wanaoumbuka ni wale wanaorusharusha mikono ovyo. Muigizaji hodari huikodolea macho skrini kama mwenzake, anasubiri amri, na anasimama pale kitu kinaposimama. Kuna na mwengine wa daktari anayetoa masharti ya kipuuzi ya kufuatwa huku unacheza, na watazamaji ndio wanaotoa alama kwa makofi. Huu unahitaji mkalimani, kwa sababu Switch haina Kiswahili na masharti ya daktari huja kwa sentensi nzima ya Kiingereza. Kwenye vijigemu vya kawaida neno ni moja tu na picha inajieleza, watoto hulishika raundi ya pili. Mwengine ni wa kuganda kama jiwe anapotokea Medusa, yule mwanamke wa hekaya za Kigiriki anayegeuza watu mawe. Watoto wanaupenda, wakubwa wanauchoka.

Hesabu ya vifaa iangaliwe kabla ya kununua. Kwenye hadithi kila mchezaji anashika Joy-Con mbili, kwa hiyo watu wawili wanahitaji nne. Kwenye michezo ya pamoja kila mtu anashika moja, hivyo jozi inayokuja na mashine inatosha wawili, na wanne wanataka jozi ya pili. Bei ya Marekani ilikuwa dola 50 kwa gemu na dola 80 kwa jozi, yaani Joy-Con ni ghali kuliko gemu. Nyumba nyingi zitabaki na jozi moja na kupokezana, na hakuna kinachoharibika.

Sasa chumba. Vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba, upana mara nyingi mita 3 hivi, kwani urefu wa boriti za mikoko ndio uliopima nyumba. Televisheni ikiwekwa kwenye ukuta mrefu, mchezaji anakuwa puani mwa skrini. Iweke kwenye ukuta mfupi. Watu wawili wakisimama bega kwa bega wanapata mita moja na nusu kila mmoja, inatosha kunyosha mkono mmoja, si yote miwili. Wanne wasimame wawili mbele, wawili nyuma, wapishane. Mkeka ukunjwe, maana juu ya sakafu ya vigae unateleza. Na asisimame mtu chini ya pangaboi, hasa dari ikiwa chini.

Kamba ya mkononi si pambo. Vipo vijigemu vinavyokutaka uachie Joy-Con ining'inie. Kamba yenye alama ya kujumlisha inaingia kwenye Joy-Con yenye kitufe hicho, na ya kutoa vivyo hivyo. Ukiipachika kinyume itaganda. Usiivute kwa nguvu, fungua kufuli yake kwa chini kisha isukume taratibu kurudi ilikotoka.

Vijigemu vyengine vinakusoma mkono kwa kamera ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) iliyo chini ya Joy-Con ya kulia. Hapa ndipo lawama nyingi zinapotoka: umeonyesha vidole vitatu, gemu imeona vinginevyo. Mara nyingi mkono wa kanzu au wa buibui umeifunika kamera, au jua la alasiri linapiga kutoka dirishani, kwani nalo lina miale hiyohiyo. Funga pazia, pandisha mkono wa nguo. Kama mwendo wenyewe ndio unaokwenda kombo, laza Joy-Con juu ya meza isiyotikisika, ingia kwenye mipangilio ya mashine sehemu ya rimoti na sensa, uzipime upya. Na mashine isifichwe nyuma ya televisheni, mawasiliano hukatika.

Kwa anayenunua mtumba Darajani: chukua Switch ya kawaida au ile iitwayo OLED. Ile ndogo iitwayo Lite haiungwi na televisheni na rimoti zake hazitoki. Switch 2 inataka uwe na Joy-Con za zamani, kwa sababu mpya hazina kamera ile. Ulizia adapta yake halisi ya volti 15 na ampea 2.6, kwani chaja ya simu hata ikitia chaji haitatoa picha kwenye televisheni. Adapta hiyo inapokea volti 100 hadi 240, hata ikitoka Japani ni salama. Ni kubadilisha kichwa cha plagi tu.

Wii (mashine ya zamani ya Nintendo) ya Japani ndiyo ya kuogopa: adapta yake ni ya volti 100, ukiichomeka hapa imekwisha. Ukipata Wii ya Ulaya yenye WarioWare: Smooth Moves, gemu ya zamani ya ukoo huuhuu, diski nayo iwe ya Ulaya, ni ya bei nafuu na kwa wingi wa watu wa sikukuu inashinda: rimoti moja inapokezwa hadi watu 12, ila mmoja amalize hadithi kwanza ili sehemu hiyo ifunguke. Waya wa ile fimbo ya juu ya televisheni, ambayo rimoti ya Wii huilenga, ukiguguniwa na panya, mishumaa miwili iliyowekwa mbalimbali itakusogeza, kwa sababu fimbo haifanyi chochote ila kutoa mwanga wa infraredi.

Umeme ukikatika katikati ya zamu, Wii inazimika. Switch itoe kwenye doki (kile kitako kinachoiunga na televisheni), isimamishe juu ya meza, iendelee kwa betri yake. Skrini ya ile ya kawaida ni inchi 6.2, waliokaa nyuma hawataiona gemu. Mchezaji watamwona kama kawaida.