Mtetemo kwenye gari la zamani: mauntingi ya injini au bati la ekzosi?

Kwenye Corolla na magari mengine ya zamani ya otomatiki, mauntingi (vishikizo vya raba vinavyobeba injini) na bati la ekzosi, yaani bomba la moshi, husingiziana sana. Mauntingi iliyokufa hutoa mtikisiko mzito unaofika hadi kwenye usukani na kiti. Husikika gari limesimama, gia ikiwa D na mguu kwenye breki, kisha hupungua ukiweka N. Bati hilo la kukinga joto la ekzosi hutoa mlio mkali wa chuma, mara nyingi kwenye mizunguko fulani ya injini tu, hata gia ikiwa N.

Kwa mauntingi, fungua boneti, msaidizi akanyage breki kabisa, aingize D kisha R, na aguse pedali ya mafuta kidogo. Usisimame mbele ya gari. Injini ikiruka sana, tazama raba iliyopasuka. Kuibadilisha mauntingi kunadai jeki na kipande cha mbao chini ya sampu (chombo cha oili chini ya injini).

Bati anza nalo, ni rahisi zaidi. Ekzosi ikiwa baridi, ligonge kwa ngumi. Likilia, mara nyingi kutu imekula matundu ya bolti: weka washa (kiduara cha chuma cha bolti) pana, au lifunge kwa klipu ndefu ya chuma. Usiling'oe, linazuia joto lisiunguze nyaya na sakafu.