Collatz au namba tasa pacha?

Kati ya maswali haya mawili ya hisabati ambayo bado hayajajibiwa, mwanafunzi ashughulikie lipi? Swali la Collatz hata mtoto wa darasa la tano analielewa: namba ikiwa shufwa, igawe kwa 2, ikiwa witiri, izidishe kwa 3 kisha ongeza 1. Je, ukirudia hivyo, kila namba huishia kwenye 1? Mwaka 2019 mwanahisabati Terence Tao alionyesha kuwa karibu zote hushuka sana. Karibu zote, si zote.

Namba tasa pacha ni jozi za namba tasa zinazopishana kwa 2 (11 na 13, kwa mfano); swali ni kama jozi hizo hazina mwisho. Hapa njia imekwisha kulimwa. Mwaka 2013 mwanahisabati Yitang Zhang alithibitisha kuwa jozi za namba tasa zinazopishana kwa chini ya 70,000,000 hazina mwisho; mwaka uliofuata pengo likashushwa hadi 246. Linalotafutwa ni 2. Mwanafunzi akiniuliza, nitamwambia achague pacha. Huko walau zana zipo.