Mapitio ya The Invisible Weevil: riwaya iliyomtangulia mwandishi wake katika baraza la mawaziri

Nakala yangu niliinunua kwa shilingi 15,000 kutoka kwa mchuuzi wa vitabu vilivyotumika anayetandaza bidhaa zake kando ya barabara katikati ya Kampala, na nilianza kuisoma nikiwa bado stendi, nikisubiri teksi ijae. Jalada limechujuka, lakini kurasa zote zimo. Mwenye nakala wa kwanza, ambaye bila shaka alikuwa mwanafunzi, aliipitia kwa penseli na kuandika pembeni mada za mtihani: ufisadi, nafasi ya mwanamke, udikteta. Nilidhani maandishi hayo yangenikera, kumbe yalinifaa, kwa maana yalinionyesha jinsi kitabu hiki kilivyosomeshwa, nami nimekuja kukisoma kwa namna nyingine kabisa.

The Invisible Weevil, yaani fukusi asiyeonekana, ni riwaya ya Mary Karooro Okurut iliyochapishwa mwaka 1998 na FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda. Lugha yake ni Kiingereza kilichotiwa maneno ya Kinyankole, ambayo msomaji wa Kiswahili hatahangaika nayo sana, kwani omuntu na mtu hawahitaji mkalimani. Tunamfuata Nkwanzi tangu utotoni kijijini, kupitia masomo, mapenzi na ndoa yake na Genesis, huku nchi ikipita mikononi mwa watawala waliopewa majina ya kubuni ambayo Mganda yeyote wa umri wangu atawatambua kabla hajamaliza aya.

Aliyewahi kuhifadhi mahindi ghalani anamjua fukusi. Punje huonekana nzima, inang'aa, mpaka uibonyeze kwa kidole ikageuka unga. Mwandishi ameichukua picha hiyo na kuitumia kwa mambo kadhaa kwa wakati mmoja: rushwa inayokula ofisi, mabavu ya wanaume majumbani, utawala wa bunduki, na hatimaye UKIMWI. Sehemu ya ugonjwa ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Riwaya ilitoka miaka tisa baada ya mwanamuziki Philly Lutaaya kujitokeza hadharani mwaka 1989 na kusema kwamba anaugua, wakati ambapo karibu kila ukoo hapa ulikuwa na kaburi ambalo sababu yake ilitajwa kwa kunong'ona. Karooro hanong'oni. Anaandika kuhusu kitanda cha ndoa kwa uwazi ambao waandishi wengi wa kiume wa kizazi chake waliukwepa, na anafanya hivyo bila kumgeuza mwanamke kuwa sanamu ya huruma.

Kasoro zipo. Wahusika wake mara nyingi huacha kuzungumza wakaanza kuhutubia, na kuna mazungumzo ambayo mtu anayasikia kama semina ya wilaya, mezani kukiwa na chupa za maji na ajenda iliyochapwa. Tena, kwa maoni yangu, kalamu yake inachimba kwa kina zaidi inaposimulia tawala zilizopita kuliko inapokaribia wakati wake yenyewe. Kasoro hii ya pili ndiyo inayofanya kitabu kiwe na thamani nyingine leo, kwa sababu ya yale ambayo mwandishi alikwenda kuyafanya baada ya kukiandika.

Karooro alikuwa mhadhiri wa fasihi Makerere. Katikati ya miaka ya 1990 aliongoza kuanzishwa kwa FEMRITE, wakati ambapo mwandishi mwanamke Uganda alikuwa na mahali pachache mno pa kupeleka muswada wake. Mtu anayetaka kumpima kwa haki aanzie hapo. Katika chama hicho kilichopo Kamwokya, Barabara ya Kira, ndimo mwandishi wa riwaya Goretti Kyomuhendo alimofanya kazi na kuchapisha, na humo ndimo alimopita Monica Arac de Nyeko, Mganda wa kwanza kushinda Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2007, kwa hadithi ya wasichana wawili wanaopendana. Wanawake wangapi wangenyamaza laiti nyumba ile isingejengwa, sijui nani awezaye kuhesabu.

Mwaka 1999, mwaka mmoja tu baada ya riwaya kutoka, alikuwa Katibu wa Habari wa Rais Museveni. Baadaye akaingia bungeni kama mbunge mwanamke wa Wilaya ya Bushenyi, akawa msemaji wa chama tawala cha NRM, na mwaka 2011 akateuliwa Waziri wa Habari na Mwongozo wa Taifa. Alipita pia Wizara ya Jinsia, Wizara ya Usalama, na Ofisi ya Waziri Mkuu. Alikuwa na safu katika New Vision, gazeti la serikali, ambamo aliitetea serikali kwa kalamu iliyonolewa, na hapo ndipo wasomaji wake walipogawanyika. Wengine walisema mwandishi hana budi kula kiapo cha upinzani. Wengine, nami nilikuwa miongoni mwao kwa muda, tulisema kwamba afadhali mezani awepo mtu aliyewahi kumwandika Nkwanzi kuliko asiwepo.

Hoja yetu ilidhoofika Mei 2013, polisi walipozingira na kufunga ofisi za magazeti ya Daily Monitor, pamoja na redio zake, na Red Pepper kwa sababu ya barua ya Jenerali Sejusa, mratibu wa idara za ujasusi, iliyodai kuna njama ya kuwaua wanaopinga mwana wa Rais kumrithi baba yake. Wiki hiyohiyo yalitokea mabadiliko ya baraza la mawaziri, na wizara ya habari ikapewa mtu mwingine. Sitaki kumtwika waziri mmoja amri za polisi. Hata hivyo, ukisoma kurasa zake kuhusu utawala unaoogopa neno huku ukikumbuka siku zile, sentensi zinakuwa na uzito ambao penseli ya mwanafunzi wangu haikuupima.

Si yeye pekee aliyepita njia hiyo. Marehemu John Nagenda, mwandishi wa riwaya aliyewahi kuichezea Afrika Mashariki kriketi katika Kombe la Dunia la 1975, alikuwa mshauri mwandamizi wa Rais na mwenye safu iliyowachoma wapinzani bila kuwapoza. Upande wa pili yuko Stella Nyanzi, mshairi na msomi, ambaye jukwaa lake lilikuwa Facebook na ambaye Agosti 2019 alihukumiwa kifungo cha miezi 18 chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta kwa shairi lililomtusi Rais. Mahakama Kuu ilitengua hukumu hiyo Februari 2020, akagombea ubunge wa Kampala mwaka 2021 kwa tiketi ya chama cha upinzani cha FDC, akashindwa, kisha akaishia uhamishoni Ujerumani. Wakati Nyanzi yuko gerezani Luzira, mwasisi wa FEMRITE alikuwa waziri. Matusi ya Nyanzi siyapendi, na sisemi hivyo kwa kujikosha. Lakini katika riwaya ya Karooro, mwanamke anayefungwa kwa sababu ya maneno yake angepewa sura nzima.

Kwa hiyo je, kinunuliwe? Kinunuliwe. Anayetafuta ustadi wa lugha tu huenda akachoka katikati, na mzazi anayetaka kumpa mtoto wa darasa la saba akisome kwanza mwenyewe, kwa maana ukatili wa kingono umeelezwa waziwazi. Mwalimu wa fasihi atapata ndani yake somo la wiki nzima, hasa akikisomesha pamoja na tamthilia ya mwandishi huyohuyo, The Curse of the Sacred Cow, ambayo ni nyepesi zaidi na ina kicheko ambacho riwaya imekinyima nafasi. Anayependa siasa asirukeruke kurasa kutafuta nani ni Amin na nani ni Obote. Fumbo hilo ni jepesi, na utamu wa kitabu uko jikoni, chumbani na kwenye foleni ya zahanati.

Wanaokipuuza kwa sababu ya vyeo vya mwandishi ningewaomba wakisome kabla ya kuhukumu. Mimi sijaona makala ya mpinzani wake yeyote iliyomhoji kwa ukali kuliko anavyohojiwa na Nkwanzi. Nakala yangu sasa iko kwa jirani aliyewahi kufanya kazi wizarani; ameniambia amefika nusu, na kwamba naye ameanza kupiga mistari, ila kwa kalamu ya wino.