Gereji ya Uyole inayosikiliza injini kabla ya kuifungua

Kama gari lako linagonga na umeshaambiwa "shusha injini", pitia kwanza hapa Uyole, Mbeya, ukishaingia tu barabara ya Tukuyu. Usitafute kibao, hakuna. Ni banda la mabati, mzee mmoja na vijana wake wawili.

Noah yangu inabeba ndizi kutoka Kiwira kuja Mwanjelwa. Ilipoanza ko-ko-ko, fundi wa gereji moja mjini aliisikia akiwa bado mlangoni na chai yake mkononi, akasema metali za konrodi (vibati laini vinavyokaa kati ya mkono wa pistoni na shafti ya injini) zimekwisha, nijiandae na milioni na laki mbili.

Mzee wa Uyole siku hiyo hata hakuigusa, injini ilikuwa ya moto. "Mama, iache ilale hapa. Kesho ikiwa baridi ndiyo itasema." Akanieleza kwamba pistoni iliyolegea hugonga injini ikiwa baridi, ikipata moto hunyamaza. Metali ni kinyume: oili ikishakuwa nyepesi kwa joto, ndiyo kelele inazidi.

Asubuhi, na baridi ya Uyole ya Julai mnaijua, alichomoa stiki ya oili, akasugua tone kati ya vidole, akaligeuza kwenye mwanga kutafuta chembe za chuma. Safi. Akafungua swichi ya oili, akafunga geji yake pale: presha ipo. Akaegesha bisibisi ndefu kwenye bloku, mpini sikioni, macho kafumba. Vijana walizima redio bila kuambiwa.

Kisha akaanza kuchomoa waya za plagi, mmoja mmoja. Konrodi ikiwa na tatizo, ukiinyima silinda yake moto mlio hupungua, maana hakuna tena mlipuko wa kuisukuma. Silinda zote nne alizizima kwa zamu. Gari likatetemeka, lakini ko-ko-ko ikabaki vilevile. Akaniambia nikanyage breki, niweke D, injini ipate mzigo. Mlio ukabadilika. "Metali zako nzima," akasema, akaingia uvunguni.

Boliti mbili zinazoshika flaiwili (sahani ya chuma inayozungushwa na injini) na konveta ya gia boksi (inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia) zilikuwa zimelegea. Akamulika tochi kuona kama flaiwili ina ufa, haikuwa nao, akazikaza. Elfu arobaini, kupima na kukaza. Tangu hapo nimeshapanda na tenga za ndizi mara nyingi, kimya.

Kasoro zipo. Foleni ni ndefu na mzee hana haraka, ukimsukuma anakwambia nenda mjini. Kupima analipisha hata kama hutatengeneza kwake. Risiti sahau. Vipuri unatafuta mwenyewe Mwanjelwa, na ukileta feki anakurudisha nayo palepale. Pa kukaa ni kreti za soda. Injini za dizeli hagusi kabisa. Wenye Canter anawaelekeza kwa jirani yake.